Mwaka Tulipoisogelea Sura ya Saba

Rebeka alinipigia simu asubuhi nikiwa nawatupia kuku mahindi, akasema, "Baba Afya, Mama ametutoka." Nilikaa palepale juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kuku wakanizingira miguuni wakidhani nimekaa ili niwaongeze. Marita, mama yake, alifariki Gungu, mjini Kigoma, katika nyumba aliyoachiwa na Mama Yeremia, na mazishi yangesubiri kidogo kwa sababu wajukuu walikuwa njiani. Nikasema ninakuja. Wanangu walipinga, walisema Njombe na Kigoma si pua na mdomo, na kwamba magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Binti yangu wa kwanza, ambaye hajui kumeza swali, akaniuliza, "Kwani huyo mama ni nani wako?" Nikamwambia ni mtu niliyesoma naye Biblia mwaka mmoja. Niliona hajaridhika. Marehemu mama yake angemjibu vizuri zaidi, maana nilimweleza yote kabla ya kupeleka posa, naye akasema tu, "Basi kama ulikwisha fundishwa kupenda, mimi sina kazi kubwa." Sasa wote wawili hawapo na nimebaki mimi mwenye habari nzima. Nimerudi kutoka kuzika, magoti yamevimba, sina pa kwenda, kwa hiyo acha niandike.

Mwaka ule nilikuwa bwana afya, nimeletwa Kigoma na serikali kutoka kwenye baridi ya kwetu, sijaoa, na nimekwisha kuchoka kuulizwa kwa nini sijaoa. Ilikuwa miaka ya wakimbizi Warundi. Mitumbwi na maboti yalifika kila uchao, watu wakashuka na magodoro, mbuzi, cherehani, na watoto waliolala mabegani bila kujua kwamba wamebadilisha nchi. Kazi yangu ilikuwa kusimama ufukweni na pipa la maji yaliyotiwa dawa, kuhakikisha wanakunywa hayo na si ya ziwa, maana kipindupindu hakimuulizi mtu ametoka wapi. Jioni nilirudi kwenye chumba changu cha Katubuka, chenye dirisha moja lililoonyesha bati la jirani na kipande cha ziwa kisichozidi upana wa khanga. Nilisonga ugali wa muhogo vibaya, ukanata kwenye sufuria, nikala na dagaa, nikajilalia. Mtu wa milimani akiona maji mengi namna ile kwanza huyaogopa, halafu huyazoea, halafu akiondoka humuuma. Mimi yananiuma mpaka leo, na si maji peke yake.

Gungu nilikwenda kukagua vyoo. Mama Yeremia, mjane wa Kiha mwenye mabega ya mtu aliyelima, alikuwa na choo kizuri kisicho na mfuniko. Nikamkaripia kwa lugha ya ofisini. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwanangu, umekula?" Nikamwambia niko kazini. "Sikukuuliza kama uko kazini," akasema, na mimi nikakaa. Ndipo akaja mwanamke mmoja kijana na jagi na beseni, akapiga goti kidogo, akanimwagia maji mikononi bila kunitazama usoni. Huyo ndiye Marita. Nilikula samaki aina ya mgebuka wa kuchoma, kisamvu kilichoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo laini ambao ulinifanya nijionee aibu kwa ule wangu. Mama Yeremia akasema mfuniko nitaukuta Jumatano, nije jioni wakati wanaposoma neno. Jumatano nikaenda. Mfuniko haukuwepo. Nikarudi Jumatano iliyofuata kuuliza habari za mfuniko, na iliyofuata tena, mpaka wenzangu wa ofisini wakaanza kunichokoza: "Bwana Afya, hicho choo cha Gungu kina ghorofa ngapi, mbona ukaguzi hauishi?"

Chumba cha mbele cha nyumba ile ndicho ninachokiota hadi leo. Kulikuwa na mabenchi mawili ya mbao za mtumbwi uliokufa, meza yenye kitambaa cha kufuma, na kalenda ya mwaka uliokwisha ambayo Mama Yeremia hakuitoa kwa sababu ilikuwa na picha ya ng'ombe mnene. Dari haikuwepo, mvua ikinyesha tulisoma kwa kupiga kelele. Kila mtu alikuja na Biblia yake na kanisa lake. Mzee Elia, mstaafu wa reli aliyetokea Tabora akalowea, na mzee wa kanisa tangu enzi hizo, alikaa karibu na dirisha penye mwanga, miwani yake imefungwa kwa uzi. Marita alikuwa na Biblia ya Kirundi iliyolowa siku ya kuvuka, kurasa zimevimba, haifungiki. Mimi au Mzee Elia tuliisoma aya kwa Kiswahili, Marita akaisoma kwa Kirundi, kisha Mama Yeremia akairudia kwa Kiha cha nyumbani, na ikifika kwake mara nyingi ilikuwa imetiwa chumvi, ikawa kazi ya Mzee Elia kuitoa. Huko nyuma, uani, sufuria ilikuwa inachemka, na harufu ya samaki ilitukumbusha kwamba hata mitume walikula.

Utaratibu wa nyumba ile ulikuwa mmoja: aya ina mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kuifafanua aya kabla hajasema yule ambaye imemkuta. Mama Yeremia aliuweka utaratibu huo mwenyewe, eti alichoka kusikia wanaume walioshiba wakifafanua njaa. Alisema mitume waliwaandikia watu wenye shida zao, zenye majina na milango, nasi tunasoma majibu bila kusikia maswali. Basi aliyewahi kuwa na swali lile ndiye aliye karibu na waraka kuliko sisi wengine. Mzee Elia alinung'unika kwamba huo si uchambuzi, ni umbea mtakatifu, lakini hakukosa Jumatano hata moja. Nami, ambaye nimewasikia wahubiri wengi tangu wakati ule, wengine wenye vipaza sauti vikubwa kuliko nyumba ya Mama Yeremia, bado ninapofungua nyaraka zile hujiuliza kwanza: hii ilimkuta nani? Sijapata njia bora zaidi ya kusoma.

Tulikuwa tunasoma waraka wa kwanza wa mtume kwa Wakorintho, aya chache kila wiki, bila kuruka. Tulipofika kwa ndugu wanaoshtakiana mbele ya mahakimu, mwenye aya alikuwa Mama Yeremia. Shemeji yake alimpeleka mahakamani kwa ajili ya kiwanja kilekile tulichokuwa tumekalia. Alieleza mpaka chai ikapoa. "Mtume anasema afadhali udhulumiwe," akasema. "Mimi nilikataa kudhulumiwa, nikashinda kesi. Kiwanja ninacho, shemeji sina. Msiniige, lakini msinihukumu." Mzee Elia naye alikuwa akiidai kila mara ile aya ya mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo, ingawa haikuwa hata kwenye kitabu tulichosoma, akisema ana vidonda vya tumbo tangu enzi za reli, na Mama Yeremia akamjibu kwamba vidonda vyake vinataka uji. Tulicheka sana chumba kile. Mimi tu sikuwa na aya. Nilikaa mwisho wa benchi nikiwasikiliza wenye aya zao, nikawaonea wivu, hata wivu wa shida zao, kama kijana asiyejua anaomba nini.

Aya ya Marita kila mtu aliijua, na kila mtu alijua tunaielekea. Mume wake aliitwa Nataneli, mwalimu wa shule ya msingi ng'ambo ya mpaka. Siku ya kukimbia walifika ufukweni wote watatu, yeye, Marita, na mtoto wao Rebeka mgongoni. Boti likiwa linajaa, Nataneli akasema atarudi mara moja kumchukua mama yake mzazi, wao watangulie, atapanda linalofuata. Boti lililofuata lilifika Kigoma bila yeye, na lililofuata hilo pia. Baadaye mwanamume mmoja alimwambia Marita kwamba alimwona Nataneli akianguka barabarani. Mwanamke mwingine akaapa kwamba alimwona sokoni Uvira, ng'ambo ya ziwa, amekonda, anauza sabuni. Marita alizisikia habari zote mbili kwa upole uleule, akawashukuru wote wawili, akarudi kuosha vyombo. Mama Yeremia alimpokea kama mpwa wake wa Manyovu, upande wetu wa mpaka, na majirani wakakubali kwamba ni mpwa, ingawa Kirundi chake kilisikika hata akipiga chafya.

Nilimpenda polepole, kisha nikashtukia nimechelewa kujizuia. Nilimpendea namna alivyosoma, akiishika ile Biblia iliyovimba kwa mikono yote miwili, namna alivyonitania kwa sauti ya chini, "Bwana Afya, leo umenawa au nikukague?" Rebeka hakuweza kulitamka jina langu la kikazi lote, akaniita Afya, akanipandia magotini wakati wa maombi na kulala hapo, nami sikutikisika hata mguu ukifa ganzi. Siku moja nilifika mapema, nikakaa peke yangu chumba cha mbele, nikawasikia uani wakipeta mchele. Mama Yeremia alisema, "Kijana yule ni mtu mzuri. Anakula vizuri, hasemi hovyo, na mtoto anampenda." Ungo ukaendelea kulia. Kisha Marita akasema, "Mama, mimi pia nina macho." Nilikaa pale nikiitazama ile kalenda ya ng'ombe, nikamwona ng'ombe mzuri kuliko wote duniani.

Halafu tangazo likatoka kwamba wakimbizi wote walio mjini waende kambini, upande wa Kasulu. Kuitwa mpwa wa Manyovu hakungetosha mbele ya watu wenye kuuliza maswali. Mke wa mtumishi wa serikali angebaki, hilo tulilijua sote bila mtu kulisema. Nilimkuta Marita uani akiwa ameshika jagi la maji, nikamwambia maneno yote kwa mkupuo, kwamba nataka kumuoa, kwamba si kwa sababu ya kambi, kwamba hata kama kusingekuwa na kambi. Akanimwagia maji mikononi mpaka jagi likaisha, mimi sina hata habari kwamba nilikwisha nawa. Akasema, "Tungoje tufike sura ya saba. Pale nitakujibu." Nikamwambia lori la kambini halingoji sura. Akasema, "Basi someni haraka."

Tulisoma haraka. Mzee Elia aliyekuwa akitembea na kila neno kama mkaguzi wa reli, sasa akakubali aya tano, kumi kwa jioni moja, bila kuuliza sababu, na ndipo nilipojua kwamba naye alikwisha ambiwa. Katika sura ile mtume anatofautisha kitu ambacho sikuwahi kukiona: hapa anasema ni agizo la Bwana, hapa anasema ni langu mimi wala si la Bwana, na mwishoni kabisa, aya ambayo Mzee Elia alituchungulia kabla ya zamu yake, anasema anadhani kwamba naye ana Roho. Mama Yeremia alipiga makofi. "Kumbe hata yeye anadhani," akasema. Mzee Elia akajibu bila kuinua macho, "Mtume akidhani, sisi tunatii." Wakabishana mpaka Rebeka akaamka. Mimi niliikumbatia ile hoja ya Mama Yeremia kwa nguvu zote, maana nilikuwa nimekwisha soma mbele peke yangu, na nilijua kinachotungoja: mwanamke amefungwa maadamu mume wake yu hai, mume akifa, yu huru kuolewa na amtakaye. Akifa. Nililisoma neno lile chumbani kwangu Katubuka mpaka likapoteza maana.

Jumatano ya aya ile hakuna aliyechelewa. Mzee Elia akaisoma kwa Kiswahili, Marita akaisoma kwa Kirundi, sauti haikutetemeka. Mama Yeremia hakuirudia kwa Kiha. Akasema tu, "Mwenye aya aseme." Marita akatikisa kichwa. "Leo semeni ninyi kwanza," akasema. "Mimi nimekaa nayo peke yangu, nimechoka. Niambieni inasema nini." Utaratibu ukavunjika hivyo, na aliyeuvunja alikuwa na haki. Mzee Elia akaanza, kwa shida, akisema andiko liko wazi, ni kifo, si kupotea, na kwamba yeye hana mamlaka ya kulipanua neno la mtume. Mama Yeremia akamuuliza kama mtume alipoandika alikuwa ameona boti lililojaa. Mimi nikasema, nafikiri nilisema vizuri, kwamba hata serikali hufika mahali ikamhesabu mtu aliyepotea kuwa amekufa, na kwamba mtume huyohuyo, sura hiyohiyo, anasema Mungu ametuita katika amani. Mzee Elia akanitazama muda mrefu. Alikuwa ananipenda yule mzee. Akavua miwani, akasema, "Yuko mtu aliyemwona akianguka. Tumpokee kama shahidi. Tufanye msiba wa Nataneli, tuuweke na tuumalize kama ipasavyo, binti huyu apate kusimama." Marita aliinama. "Kwetu tunaita kuganduka," akasema. "Ndugu wanakutana, wanakula, wanasema sasa imetosha. Mjane anaanza tena." Mama Yeremia akamuuliza kama anakubali. "Ego," akasema kwa Kirundi, yaani ndiyo, na nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu si kawaida mtu kufurahia msiba.

Tuliufanya Jumamosi mchana. Nilibeba mchele mwenyewe. Bi Zaina, jirani mzaliwa wa Ujiji, alikuja na masufuria yake makubwa yanayozunguka kwenye harusi na misiba ya mtaa mzima, akayatua, akauliza, "Nani kafa?" Mama Yeremia akamwambia ni mume wa Marita. "Innalillahi," akasema Bi Zaina, "habari imekuja lini?" Hakuna aliyemjibu vizuri, naye, mtu wa adabu, akaanza kuchambua mchele. Walikuja Warundi wenzake Marita, wakaimba kwao. Wanawake walikaa mkekani, Marita katikati yao, khanga kichwani. Mzee Elia alisoma na kuomba. Aliomba vizuri, akamtaja Nataneli kwa jina kama aliyewahi kula naye. Marita alilia kidogo, kilio cha mtu anayejitahidi. Nilisimama mlangoni nikihesabu hatua zilizobaki: chakula, maneno ya mwisho ya mzee, basi. Baada ya hapo ningemngoja kwa muda wa heshima, halafu ningemtuma Mzee Elia kwa Mama Yeremia kunisemea.

Chakula kilipofika Marita alishindwa kukaa. Mfiwa hapakui, kila mtu anajua, lakini aliinuka akachukua upawa mkononi mwa Bi Zaina na kuanza kupakua, na wanawake wakamwacha, wakidhani ni njia yake ya kuhangaika. Alipakua sahani za wazee, za wageni, za watoto. Sufuria ikakaribia kuisha. Akachukua bakuli la bati, akatia wali, akachagua kichwa cha mgebuka, akamimina mchuzi, akafunika kwa sahani, akaliweka juu ya kabati ambapo paka hafiki. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama anavyofanya mwanamke yeyote ambaye mtu wake amechelewa kurudi. Mama Yeremia akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hicho ni cha nani?" Marita akajibu, "Cha Nataneli. Atakuta tumemaliza." Ndipo akasikia alichosema. Akaweka mkono mdomoni. Watu waliokuwa wanatafuna wakaacha kutafuna.

Alikaa chini pale pale karibu na kabati. "Mama, nimejaribu," akasema. "Baba Elia, nimejaribu. Mtume amesema mume akifa. Hakusema akichelewa. Aliyemwona akianguka hakumwona akizikwa, na aliyemwona anauza sabuni hakumsalimia. Mimi sijui, na ninyi hamjui. Nikiolewa, hakuna mwingine duniani atakayekuwa amesema Nataneli amekufa isipokuwa mimi. Harusi yangu ndiyo itakayomuua. Siku akisimama mlangoni nimwambie nini?" Kisha akanitafuta kwa macho, akaniona mlangoni, na mbele ya wote wale akasema, "Bwana Afya, nakupenda. Nimelisema mbele ya wazee usije ukafikiri kwamba hukutosha. Umetosha. Lakini hii aya ni yangu, na mimi ndivyo ninavyoisoma." Nilitaka kubisha. Nilikuwa na hoja, nilikuwa nazo nyingi, nilizipanga kwa wiki nzima. Mzee Elia akaifunga Biblia yake. "Mwenye aya amesema," akasema, na huo ukawa mwisho wa msiba wa Nataneli.

Lori liliwachukua pale Gungu barabarani, asubuhi, na wengine wengi. Nilikuwepo kikazi, na pipa langu, nikigawa maji ya safari. Mama Yeremia aliwafungia ugali na samaki kwenye majani ya mgomba, akampa Marita khanga yake nzuri, akasema maneno ya Kiha ambayo sikuyaelewa na sikuyauliza. Rebeka alikuwa amekaa juu ya mzigo. Alininyooshea mkono akasema, "Afya, panda." Marita akageuza uso. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kupanda lile lori, na nasema hivyo nikiwa nimeoa, nimezaa, na nimempenda mke wangu mpaka nikamzika. Lori likaondoka kuelekea Mwandiga, vumbi likashuka juu ya pipa, na nikalazimika kumwaga yale maji na kutia mengine.

Jumatano zile ziliendelea bila mimi kwa muda, halafu nikarudi, halafu nikahamishwa. Mzee Elia alifariki nikiwa kwetu. Marita alikaa kambini miaka, akarudi kwao amani ilipokuja, akamtafuta Nataneli kijiji kwa kijiji, akavuka hata Uvira. Hakumpata, wala hakupata mtu wa kumwonyesha kaburi. Mama Yeremia alipozeeka Marita alirudi Gungu kumuuguza, akabaki. Simu zilipoenea, nilimpigia kila Pasaka, mke wangu akiwa ameketi pembeni. Naye alikuwa akichukua simu mwishoni amsalimie. Tuliulizana afya, wajukuu, bei ya mgebuka. Kabla ya kuagana Marita alikuwa akisema, "Bwana Afya, bado." Sikuwahi kumuuliza swali lililojibiwa na neno hilo, na alilijibu kila mwaka. Mke wangu alipofariki nilimpigia nikamwambia. Alilia nami. Mwisho wa simu nikasikia ziwa au upepo, sijui, kisha akasema, "Bado."

Nilifika Gungu siku ya mazishi yenyewe, mabega yanauma kwa basi. Nyumba imewekwa dari na vigae, mtaa umejaa watu wapya. Rebeka, mwanamke mzima sasa, mwenye macho ya mama yake, alikuwa mezani akiandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa kabla ya kwenda makaburini. Aliandika alikozaliwa mama yake, alikosoma, alivyovuka, alivyoitunza nyumba ile. Alipofika pale panaposema marehemu ameacha nani, kalamu ikasimama. "Mchungaji anasema niandike alikuwa mjane," akaniambia. "Anasema baada ya miaka yote hii si dhambi. Baba Afya, niandike nini?" Nikaliangalia lile neno, mjane. Neno hilo niliwahi kulitafuta kwa magoti na kwa hoja. Lingetamkwa na mtu mmoja tu pale zamani, maisha yangu yote yangekuwa mengine. Sasa liko mezani, natakiwa tu kuitikia kwa kichwa. Nikamwambia, "Andika: marehemu ameacha mume, mtoto mmoja na wajukuu." Akanitazama. Kisha akaandika, na akaniomba nikausome mimi, kwa kuwa ndimi mzee pekee niliyebaki wa enzi zile.

Niliusoma mbele ya jeneza. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye neno mume, hilo nikalirudia. Watu wengi waliokuwepo walimjua Marita kama bibi wa mtaani tu. Nikaona wanageuka huku na huku, wanamtafuta huyo mume ni yupi, mpaka macho yao yakatua kwangu, mzee mgeni, mwenye fimbo, analia bila kujificha. Tulipomaliza kufukia na kuweka maua, mama mmoja mzee alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, Mzee," akasema. "Mmekaa naye miaka mingi?"

"Mingi," nikamjibu. Nyuma yake watu walikuwa wamejipanga, nikaendelea kupokea mikono.